Panya wa Kwanza Kukamatika

Kaka yangu ananuka panya. Nalisema mwanzoni kabisa asije mtu akadhani namsengenya. Hii si ile harufu ya panya aliyefia nyuma ya kabati, ambayo ukimtoa na kupiga deki inaisha. Ni mkojo wa panya walio hai, mia nne na ushee, waliowekwa kwenye chumba kimoja kisicho na dirisha, ukachanganyika na maranda ya mbao na dawa ya kuulia vijidudu. Unaingia kwenye nywele, kwenye ukosi wa shati, mpaka kwenye kurasa za gazeti alilolibana kwapani. Nilimwambia hivyo tangu mwezi wake wa kwanza kazini, miaka ishirini na minne iliyopita. Alijinusa kwapa, akasema yeye hasikii kitu.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea chumba cha mbele, na nguo za watu zinaning'inia ukutani zikiwasubiri wenyewe. Mteja mmoja aliwahi kunirudishia gauni, kalishika kwa vidole viwili, akaniuliza kama ndani kwangu mna panya. Nilitamani ardhi ipasuke. Tangu siku hiyo nikaweka sheria: kaka akija, kwanza bomba la uani, sabuni ya mche, mikono mpaka viwiko, abadilishe shati, ndipo aingie. Binti yangu alipozaliwa sheria ikakazwa. Hakuna kumgusa mtoto mpaka nimwone ananawa kwa macho yangu. Kaka alinawa miaka tisa bila kulalamika hata mara moja, na mimi sikuona aibu hata mara moja.

Utotoni alijulikana kwa mkono wake. Bilauri ikidondoka mezani aliidaka kabla haijafika chini. Mjusi, kifaranga, nzi, chochote kinachokimbia, yeye alikitoa mafichoni kama anatoa kalamu mfukoni. Shule haikumpenda. Hesabu ilimshinda darasa la nne, na baada ya hapo wakawa wanakwepana. Alipata kazi ya kufagia kwenye taasisi ya utafiti wa magonjwa. Siku moja panya akatoroka koridoni, wasomi wazima wakapanda viti na vyeti vyao. Kaka akaweka fagio chini, akamshika panya kwenye shina la mkia, akamlaza juu ya mkono wake wa kushoto na kumpapasa mgongo mpaka akatulia. Wiki iliyofuata wakampa chumba cha panya. Wakampa na jina: Mkono. Wenzake wote wana makovu ya meno kwenye vidole, yeye hana hata moja. Hilo ndilo jambo alilokuwa akijivunia duniani.

Kukaa naye mezani ilikuwa adhabu. Mimi nameza tonge, yeye anasimulia jinsi panya jike alivyozaa kumi na mmoja na kumla wa mwisho kwa kuwa alikuwa dhaifu. Mke wake alivumilia miaka mitatu. Alipoondoka alibeba mashuka tu, alisema ndicho kitu pekee mle ndani ambacho ana hakika hakinuki panya.

Binti yangu nilimpata nikiwa na miaka thelathini na saba. Alipofika mitano, kope zake zilianza kuanguka mchana. Asubuhi anatembea kama mtoto yeyote, saa sita anashika ukuta, saa tisa nambeba. Tulizunguka hospitali mpaka nikajua kila benchi. Mwisho tulimpata daktari wa misuli, mama mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, akatuchorea duara kwenye karatasi. Ndani ya kila seli ya mwili, alisema, mna vinu vidogo vinavyogeuza chakula kuwa nguvu. Vinaitwa mitokondria. Vya mtoto huyu vina hitilafu, chakula kinaingia lakini nguvu inayotoka ni kidogo.

"Na moyo nao ni msuli," akaniambia. "Moyo wake umeanza kuchoka. Usiubebeshe mzigo. Dawa yoyote, hata ya mafua, uniulize kwanza. Tumeelewana, mama?"

Tulielewana. Kisha akasema hitilafu za namna hii mara nyingi hurithiwa kwa mama. Baba mtoto alisikia hilo tu. Alisema ukoo wao hauna uchafu kama huo, akahama mwezi uleule. Alitumia neno hilohilo, uchafu, huku mtoto amekaa pale pale anachora. Nikikumbuka natamani kutema mate.

Kaka aliiomba ile karatasi yenye duara, akaikunja, akaenda nayo kazini. Aliporudi macho yalikuwa yanamwaka. Kumbe mle chumbani mwake mlikuwa na panya waliozalishwa makusudi na ugonjwa wa namna hiyohiyo, naye amewalisha miaka yote akiwaita "wale wavivu". Na Profesa alikuwa anatafuta dawa yao.

Huyo Profesa nilimwona mara moja nilipompelekea kaka funguo. Hakuwahi kuingia chumba cha panya. Alisimama mlangoni na kitambaa puani, akauliza maswali yake kutokea hapo, na akijibiwa alikuwa ameshageuka. Alikuwa anatafuna karanga. Alijifuta kiganja kwenye koti jeupe, akanipa mkono, nao ulikuwa na unyevunyevu na maganda. Nilinawa nilipofika nyumbani.

Wazo lake lenyewe halikuwa la kijinga, na hata leo silitukani. Alitaka kujaribu dawa ya pumu, ile ile inayofungua kifua cha mtu anayebanwa. Dawa hiyo haiishii kifuani, inaigusa na misuli, na yeye alidhani huenda ikaviamsha vile vinu vilivyolala. Ni dawa ya zamani, imejaa kwenye maduka ya dawa. Kama ingefaa, watoto kama wangu wasingesubiri miaka ishirini dawa mpya itengenezwe.

Basi wakagawa panya wagonjwa makundi mawili. Kundi moja maji matupu, kundi jingine maji yenye dawa. Baada ya wiki sita kila panya anawekwa juu ya wavu wa waya, wavu unageuzwa juu chini, na saa inahesabu ataning'inia muda gani kabla hajadondokea sifongo. Walifanya raundi tatu. Wa maji walidondoka kabla ya nusu dakika. Wa dawa walifika dakika mbili.

Siku hiyo kaka alikuja mbio, akasahau sheria, nikamsukuma nyuma kwa ile rula yangu ndefu ya kupimia vitambaa. Akanisimulia akiwa bombani, povu mpaka viwikoni.

"Wananing'inia, mdogo wangu! Wanakataa kudondoka!"

Binti yangu alikaa kizingitini akicheka mpaka akaishiwa pumzi. "Mjomba, na mimi nitaning'inia?"

"Utaning'inia mpaka mama yako achoke kukuita," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Ila subiri. Hao ni panya. Daktari wake aseme kwanza."

Profesa hakusubiri. Alisafiri, akapanda jukwaani akatangaza dawa inafaa, akatoka gazetini akiwa amemshika panya kiganjani. Panya mwenyewe alikuwa ameshikiliwa na kaka, ila mkono wa kaka walikuwa wameukata kwenye picha, ikabaki ncha ya kidole gumba. Kaka alilibeba gazeti hilo kama cheti. Profesa alikuwa amemvisha kilemba cha ukoka mbele ya watu wote: "Mzee Mkono, wewe ndiye nguzo ya utafiti huu." Nguzo yenyewe ilikuwa haina glavu za kutosha.

Na mimi sikusubiri. Mfa maji haachi kutapatapa. Nilikwenda duka la dawa, nikasema vidonge vya pumu ni vyangu mimi, kifua kinanibana. Muuzaji hakuinua hata uso. Nyumbani nilivikata nusunusu kwa mkasi wa nyuzi, nikaanza kumpa mtoto.

Nilifanya kwa mpango, nisije nikaambiwa nilikurupuka. Nyumba yetu ina ngazi ya nje ya kupandia juu tunakoanika nguo, vidato ishirini na viwili. Kila siku nilimpandisha mtoto na kuhesabu, kisha nikaandika kwenye kalenda iliyo ukutani juu ya cherehani: penseli nyekundu siku ya kidonge, nyeusi siku isiyo na kidonge. Nyekundu zilisema kumi na tisa, ishirini, ishirini na viwili. Nyeusi zilisema saba, tisa, sita. Nilikuwa nashona huku nainua macho kuzitazama zile nyekundu, na mguu wangu unakimbia wenyewe kwenye kanyagio.

Mikono yake ilianza kutetemeka. Herufi zake daftarini zikawa kama za mtu aliye kwenye gari bovu. Siku moja akaniambia, "Mama, kifua kinapiga piga, hakitulii." Nikamwambia ni nguvu zinaingia. Ndivyo nilivyomwambia. Sikumuuliza daktari, sikumwambia kaka.

Wakati huohuo taasisi ikamleta binti mmoja wa takwimu, kijana, mpole, anavaa viatu vya mpira na kuingia chumba cha panya bila kitambaa puani. Alitaka kuona kazi inavyofanyika hatua kwa hatua kabla ya kuzipitia hesabu za Profesa. Kaka alifurahi. Katika miaka ishirini na minne hakuna mtu aliyewahi kumuuliza anafanyaje kazi.

"Mzee, panya unawagawaje?"

"Naanza na vizimba vya maji, binti yangu, maana chupa za dawa zinakuwa bado zinachanganywa. Natia mkono kwenye sanduku kubwa, nakamata kumi na wawili, hao wa maji. Dawa ikifika, waliobaki ndio wa dawa."

"Raundi zote tatu hivyohivyo?"

"Zote. Mimi sibahatishi kazi."

Yule binti akaweka kalamu chini. "Na ukitia mkono kwenye sanduku, wa kwanza kukamatika ni panya gani?"

Jibu kaka alilijua kuliko mtu yeyote aliye hai. Panya wote wale ni wagonjwa, lakini ugonjwa hauwabani sawasawa. Mkono ukiingia sandukuni, mwenye nguvu anapanda migongo ya wenzake na kujibana pembeni. Mzito anabaki pale pale anakutazama. Kwa hiyo wazito wote walikuwa wamekwenda kwenye maji, na wepesi wote kwenye dawa, na aliyewapanga hivyo bila kujua ni ule mkono wake wa sifa. Anasema hapo ndipo kwa mara ya kwanza aliisikia harufu ya kile chumba. Ilimpanda yote kwa pamoja, akatoka akatapika kwenye ndoo ya deki.

Hakulilalia jambo hilo. Kesho yake asubuhi alichukua panya wagonjwa ishirini na wanne ambao hawajaonja dawa yoyote, akakamata kumi na wawili wa kwanza akawaweka kushoto, waliobaki kulia, akawageuza mmoja mmoja kwenye wavu. Wa kushoto walidondoka kabla ya nusu dakika. Wa kulia walining'inia dakika mbili. Dawa hakuna, na majibu ni yaleyale. Akaandika kwenye karatasi kwa mwandiko wake wa darasa la nne, akaipeleka kwa Profesa.

Profesa alikuwa anamenya yai la kuchemsha juu ya meza, maganda kayaweka juu ya gazeti lenye picha yake. Aliisoma ile karatasi akitafuna. Kaka anasema kiini kilikuwa kimemganda pembeni mwa mdomo, naye alishindwa kutazama kitu kingine.

"Nani mwingine ameiona hii?"

"Yule binti wa takwimu anajua swali. Majibu sijampa bado."

"Usimpe." Profesa akameza. "Mzee, tugawane kazi. Wewe kazi yako kinyesi, mimi kazi yangu matokeo. Sawa?"

"Kuna watoto, Profesa. Watu wanasoma gazeti, watanunua hiyo dawa."

"Dawa si sumu. Watoto wa pumu wanaimeza kila siku." Kisha akamsogezea ile nusu ya yai iliyobaki, yenye alama za meno, kama mtu anavyomtupia mbwa. "Kula, unatetemeka."

Kaka aliiacha pale pale. Akaichukua karatasi yake, akashuka ngazi, akampa yule binti. Kabla ya saa tano alikuwa ameandikiwa kuhamia vyoo vya ghorofa ya pili. Hakwenda vyooni. Alikuja kwangu.

Mimi nilikuwa na furaha asubuhi hiyo. Mtoto alikuwa amemeza kidonge na kupanda vidato vyote ishirini na viwili, na sasa kalala kwenye mkeka kando ya cherehani akipumzika. Nilikuwa na penseli nyekundu mkononi. Mlango ukafunguka, kaka akaingia na koti lake la kazi, maranda kwenye mikono ya koti, na ile harufu ikajaa chumba mpaka kwenye nguo za wateja.

"Bomba!" nikapiga kelele. "Umeingiwa na nini? Bomba kwanza!"

Hakutoka. Alisimama katikati ya chumba akanieleza yote, sanduku, wa kwanza kumi na wawili, yai. Kila alichosema kilikuwa kinafuta nyekundu zangu ukutani.

"Hesabu ilikushinda darasa la nne," nikamwambia. "Leo unamsahihisha Profesa? Miaka ishirini na minne unachota mavi ya panya, sasa umeona wivu mwenzio ametoka gazetini."

"Mdogo wangu, dawa haijafanya kitu. Ni mkono wangu."

"Haijafanya kitu? Tazama!" Nikamvuta mpaka kwenye kalenda. Nilikuwa nataka kushinda, ndiyo maana siri ikanitoka. "Hizi nyekundu ni za kidonge. Hizo nyeusi hakuna kidonge. Hesabu mwenyewe, kama unaweza."

Alipitisha kidole kwenye kalenda, siku kwa siku. Nilidhani atanifokea kwa kumpa mtoto dawa kwa siri. Aliuliza polepole, kwa sauti ile ile aliyoulizwa nayo yeye jana na yule binti wa takwimu.

"Kidonge unampa siku gani?"

"Akiamka vizuri. Akiamka vibaya hawezi kumeza, kinamkwama, anatapika. Siku hizo namwacha."

Nilisikia maneno yangu mwenyewe yakibaki hewani pamoja na ile harufu. Siku nzuri nilizipa kidonge, siku mbaya nilizinyima, kisha nikampandisha ngazi nikashangilia. Nilikuwa nimesikia kosa la mkono wa kaka na kujaa dharau mpaka kooni, na la kwangu lilikuwa ukutani, kwa mwandiko wangu. Nyani haoni kundule.

Kaka alikuwa ameshapiga magoti mkekani. Aliweka vidole viwili kwenye kifua cha mtoto, mikono hajanawa, na mimi sikutaja bomba. Alifumba macho.

"Mjomba, unanuka," mtoto akasema.

"Najua, mama. Tulia kidogo." Kisha bila kugeuka akaniambia, "Nikimkamata panya moyo wake unakimbia hivi. Panya, mdogo wangu. Huyu ni mtu. Na amejilaza tu, hakimbii."

Nilipoweka mkono wangu pale nilisikia. Nilikuwa nimelala kitanda kimoja na mtoto huyo wiki zote tano za vidonge na sikuwahi kuweka mkono pale, maana nilikuwa nahesabu vidato.

Kaka alimbeba mpaka hospitali, na watu njiani wakimpisha kwa sababu ya harufu. Daktari wa misuli hakunifokea. Aliishika pakiti ya vidonge kwa vidole viwili, kama yule mteja alivyoshika gauni, akaitazama, akanitazama. Alimlaza mtoto na waya kifuani. Siku ya nne mapigo ya moyo yakashuka. Alisema moyo umeongezewa uchovu ambao haukuwapo, na kwamba wiki mbili zaidi asingependa kuzifikiria. Kuhusu dawa yenyewe, alisema huenda kuna siku itafaa, kwa kipimo chake na kwa mtu wake, lakini mpaka leo hakuna anayejua, na anayesema anajua anadanganya.

Yule binti wa takwimu aliipeleka karatasi ya kaka kwa wakubwa wa Profesa. Wameanza raundi upya, na safari hii panya anagawiwa kwa kura: kila mmoja ana namba, namba zinakunjwa kwenye vikaratasi, anayeokota hajui nani ni nani. Kaka amerudishwa chumbani kwake kwa sababu hakuna mwingine anayeweza kuwashika. Profesa bado anauliza maswali yake kutokea mlangoni.

Siku tuliyotoka hospitali kaka alimpandisha mtoto mgongoni, akamlaza kitandani, akamfunika. Kisha akatoka uani bila kuambiwa, akafungua bomba, akachukua sabuni. Nilimfuata. Nilimtoa sabuni mkononi, nikakunja mikono ya gauni, nikajisugua mpaka viwikoni, nikarudia, nikarudia tena. Yeye alisimama pembeni akisubiri zamu yake.